Siku moja na tanuru: maua yaotayo ndani ya kioo

Saa 11:20 alfajiri. Tanuru linasoma nyuzi 1218. Nililiwasha jana usiku, na sasa niko na chai ya rangi nikisubiri 1260. Watu hudhani kazi ya mfinyanzi ni kuchoma. Kwa vitungi hivi viwili, kazi yenyewe ni kupoza.

Saa 12:05. 1260. Nazima, nainua kifuniko kidogo na kukiegesha kwenye kipande cha tofali. Joto linanipiga usoni. 1200, 1150, 1100: robo saa tu! Glezi ya vitungi hivi, yaani mpako unaoyeyuka kuwa kioo juu ya udongo, nusu ni friti (kioo kilichosagwa), robo oksidi ya zinki, robo silika (unga wa mawe ya mchanga), alumina karibu hakuna. Alumina ndiyo huikaza glezi ya kawaida isichuruzike. Hii huteremka kama asali iliyopashwa, ndiyo maana kila kitungi kimekalishwa juu ya kisahani. Ila ni kwa wepesi huohuo zinki na silika hukutana na kujipanga. Nikiacha joto lishuke moja kwa moja, hazipati muda. Natoa kioo kitupu.

Saa 12:25. 1085. Nafunga, nawasha, nalishikilia hapo kwa saa nne. Fuwele za wilemaiti, madini ya zinki na silika ambayo ndiyo maua yenyewe, huanzia kwenye chembe chache, zikatambaa kutoka katikati kama sindano. Karibu na 1100 hutoka ndefu kama vijiti. Chini kidogo hutoka duara. Mimi napenda duara.

Saa 2:15. "Dada, umeme!" Kijana wangu wa kazi kashika kichwa. Feni imenyamaza. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa.

Saa 2:35 umeme umerudi. 990. Napandisha tena hadi 1085, naongeza nusu saa.

Saa 5 kasoro dakika tano nazima. Mchana wote ni kuchekecha glezi na kujibu wateja.

Saa 3 usiku. Glavu, kifuniko, tochi. Kitungi cha kwanza kina ua la bluu ya kobalti, pana kuliko kizibo cha soda, na ndani yake pete nyembamba iliyopauka: hiyo ndiyo saa 2:15. Nje ya pete sindano zimeendelea na safari. Cha pili kimejaa vijifuwele kama chumvi huku chini, vilivyozaliwa joto liliposhuka, vikakosa pa kukulia.

Mteja aliagiza jozi inayofanana. Nimemtumia picha ya pete kabla ya kumweleza lolote.

"Hiyo umeichoraje?" kajibu.