Ukurasa mweupe wa saa 250: nilivyookoa waranti ya trekta langu

Kijana wa kampuni iliyoniuzia trekta alifika kwangu Matui, Kiteto, saa saba mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Hakugusa spana. Aliomba maji, akanywa, kisha akaomba kitabu cha sevisi. Ukurasa wa sevisi ya saa 50 za injini kufanya kazi ulikuwa na muhuri wao na sahihi. Ukurasa wa saa 250 ulikuwa mweupe. Akachungulia mita ya saa kwenye dashibodi: 312. Akakifunga kitabu.

"Mzee wangu, hapa mimi sina la kufanya."

Trekta lenyewe nililinunua Oktoba, jipya, nguvu ya farasi 75, kwa mkopo ambao mpaka leo nikiuwaza usiku silali vizuri. Waranti ilikuwa ya miezi 12 au saa 1,000 za injini, kitakachotangulia. Masharti yalikuwa nyuma ya kitabu kwa herufi ndogo: sevisi ifanywe na fundi wao au anayekubaliwa nao, kwa filta na oili walizozitaja, na kila sevisi igongwe muhuri. Niliyasoma? Niliyapitia, kama tunavyoyapitia makaratasi yote siku ya kukabidhiwa funguo.

Sevisi ya saa 50 walikuja wenyewe, na ufundi ulikuwa bure. Hiyo nawaomba msiikwepe hata kama fundi wa mtaani kwenu ni bingwa. Injini mpya vyuma vyake bado vinazoeana, na oili ya kwanza inabeba unga unaotokana na msuguano huo. Ile niliyoiona ikimwagwa siku hiyo ilikuwa inametameta. Fundi alikaza nati za magurudumu na bolti alizoziona zimelegea, akabadilisha filta ya injini na ya haidroliki, ule mfumo wa oili unaonyanyua plau. Ile ya haidroliki aliiandika kwa kalamu ya maka: "50", na tarehe. Niliona mbwembwe tu.

Saa 250 ziligonga wiki ya Krismasi, mvua imeshashika, wateja wamepanga foleni. Nikapiga simu. Wakaniambia fundi yuko mikoani, atanifikia baada ya siku tisa, na usafiri wake ni juu yangu, shilingi 450,000. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu: ekari nane kwa siku, shilingi 50,000 kwa ekari, siku tisa trekta limesimama. Hiyo ni 3,600,000 iliyopotea kabla hata ya kumlipa nauli. Na mteja wa kulima hasubiri. Akiona trekta la jirani linapita anapungia mkono.

Nikampigia fundi wangu wa Kibaigwa. Huyu mzee amelala chini ya matrekta tangu mimi sijaota ndevu. Alikuja asubuhi, akamwaga oili ya injini, akabadilisha filta yake na ya dizeli, akapiga grisi kila mahali, saa nne tuko shambani. Kazi safi, na sijawahi kuijutia kama kazi. Nilichokosea ni kwamba sikumwambia mtu yeyote wa kampuni. Nilinyamaza kama mtoto aliyevunja kikombe.

Siku chache baadaye lifti, ile mikono ya nyuma inayobeba plau, ikaanza vituko. Asubuhi inanyanyua plau bila shida. Ikifika saa sita, oili ikishachemka, dereva anavuta wenzo, plau linapanda nusu, linatetemeka, linashuka lenyewe. Tukizima na kuacha ipoe, inanyanyua tena. Mzee wa Kibaigwa alisikiliza kwenye simu tu, akasema: "Hiyo ni pampu ya haidroliki. Ila usinilete niifungue, mwanangu. Nikiifungua mimi, waranti umeizika." Ushauri huo, kutoka kwa mtu ambaye angepata hela kwa kuifungua, ndio uliookoa kila kitu kilichofuata.

Sasa turudi kwa yule kijana na kitabu chake. Nilitaka kufoka, na jirani yangu aliyekuwa amekaa pale alishaanza kufoka kwa niaba yangu. Nikamwomba kijana jambo moja tu: kabla hajaondoka, apime na aandike alichokiona, hata kama jibu ni hapana. Akafunga geji yake. Presha ilianza vizuri, oili ilipopata moto ikaporomoka. Kisha akainama kuangalia filta ya haidroliki, akakaa kimya kidogo. Maandishi ya maka yalikuwepo bado, "50" na tarehe, chini ya grisi na vumbi. Mwandiko wa mwenzake. Rangi ya kiwandani kwenye bolti za pampu ilikuwa haijapasuka hata moja.

"Huku hakuna aliyegusa," akasema.

"Basi andika hivyo hivyo, kijana wangu."

Aliandika. Nikaipiga picha karatasi yake, filta, bolti na mita. Jioni nikaandika barua ya ukurasa mmoja, bila tusi wala kilio. Nilikiri kwamba sevisi ya 250 haikufanywa nao. Nikaambatanisha risiti za EFD za oili na filta, ambazo kwa bahati nilizinunua duka la wakala wao, namba za spea zinasomeka. Nikauliza swali moja: oili ya injini iliyomwagwa na fundi wangu imeiharibu vipi pampu ambayo hata oili yake ni nyingine? Rafiki alinishauri niende moja kwa moja Tume ya Ushindani, FCC, wanaolinda walaji. Sikukataa, ila ilikuwa Januari, na Januari mimi nahitaji plau linyanyuke.

Walinijibu baada ya siku sita. Pampu watatoa wao, ufundi na usafiri nilipe mimi. Jirani aliita ni dhuluma. Mimi niliona sawa tu, maana kosa la ukurasa mweupe lilikuwa langu.

Lakini sikuishia kupokea pampu. Nilimwomba meneja wa huduma tuandikiane utaratibu wa miezi iliyobaki, na kwa kweli alikuwa muungwana. Tukakubaliana sevisi ya 500 waifanye wao, kwa kuwa inagusa haidroliki. Ya 750, ambayo kwa trekta hili ni oili ya injini na filta, aifanye mzee wa Kibaigwa, mradi nitume ujumbe wa WhatsApp siku tatu kabla, spea zitoke kwao, na nitume picha: mita, maboksi ya filta, filta kuukuu, risiti. Fundi wao akipita njia zetu agonge muhuri. Ujumbe wake wa "tumekubali" niliuchapisha nikaubandika ndani ya kitabu.

Ile 450,000 ya usafiri nayo nilipata dawa yake. Nilizunguka kutafuta wenye matrekta ya kampuni hiyo hiyo, kwetu na kuelekea Kibaya, tukapatikana wanne. Sevisi ya 500 tulimwita fundi siku moja, tukagawana nauli, kila mmoja 112,500. Kazi ilikuwa kukubaliana tarehe. Mmoja wetu alikuwa amebakiza saa 40 kufikia 500 na hakutaka kumwaga oili ambayo bado inafaa. Tulimbembeleza.

Kuna jambo ambalo fundi yeyote hawezi kukusaidia, awe wa kampuni au wa mtaani: dereva. Nilimkuta wangu anasafisha filta ya hewa kwa kuigonga kwenye tairi, pa, pa, pa, vumbi linaruka, anafurahi. Filta ile ikipinda mdomo, vumbi linapita pembeni moja kwa moja mpaka kwenye ringi za pistoni, na injini iliyokula vumbi hakuna waranti itakayoilipa. Sasa anaipuliza kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na filta ya pili, ile ya ndani, haigusi kabisa. Siku yake ikifika inabadilishwa. Klachi, breki, mikanda na tairi navyo, kwenye karatasi yangu ya waranti, havimo. Ni vya kuliwa na kazi.

Septemba, tukiwa tumemaliza kupukuchua mahindi, mita ilisoma 962. Nilimwita kijana yule yule aje akague kabla muda haujaisha, wenzangu watatu wakachangia nauli tena. Alizunguka trekta na kurunzi, akapangusa ekseli ya mbele kwa kitambaa, akasubiri, akapangusa tena. Sili, mpira unaozuia oili isivuje, ilikuwa inalia oili taratibu, kitu ambacho mimi nilidhani ni grisi iliyozidi. Ikabadilishwa bure, muhuri ukagongwa.

Waranti iliisha wiki tatu baadaye. Oili ya saa 1,250 aliimwaga mzee wa Kibaigwa chini ya mkwaju wangu, na ukurasa wake kwenye kitabu niliujaza mwenyewe.