Shahidi Asiyesikia Maswali

Mashauri mengi ya fidia niliyoyasimamia katika uwakili wangu yalihusu majeraha yanayoonekana kwa macho, kama kidole kilichokatwa na mashine au mguu uliovunjika. Shauri ninalolikumbuka kuliko yote lilihusu masikio ya mzee mmoja, aliyetumikia kiwanda cha vyuma kwa sehemu kubwa ya maisha yake akisimama mbele ya mashine za kukata bati. Mwajiri alikataa madai yake, na pande zote zikakubaliana kwenda mbele ya mwamuzi mmoja ambaye tuzo yake, yaani uamuzi wake, ingekuwa ya mwisho. Jambo hilo lilinikosesha usingizi, kwa sababu katika usuluhishi wa namna hiyo mahakama hutengua tuzo kwa sababu chache tu, kama vile upendeleo au mwamuzi kuvuka mamlaka aliyopewa, wala haisikilizi ushahidi upya.

Wakili wa mwajiri alianza kumhoji mzee kwa sauti ya chini, huku ameinamia karatasi zake. Mzee alijibu swali ambalo halikuulizwa. Alipoulizwa tena alimkazia macho mdomoni, kisha akasema "ndiyo" pale ambapo ndiyo ingemwangusha. Wakili akaomba iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba shahidi anakwepa maswali. Nilisimama kupinga, nikaomba kila swali liandikwe na mzee alisome kabla ya kujibu. Mwamuzi akaridhia, na tangu hapo majibu yakanyooka. Hadi leo naamini kwamba bila ombi hilo dogo hoja zangu zote za kisheria zisingefika popote.

Utetezi ulikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, kwamba mzee hakuvaa vizibo vya masikio, haikunisumbua sana, maana tangu sheria za mwanzo za fidia, ile ya Ujerumani ya 1884 na ya Uingereza ya 1897, swali kuu si nani alizembea bali ni kama madhara yametokana na kazi. Uziwi unaosababishwa na kelele nao uliingizwa katika orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi ya Mkataba Na. 121 wa Shirika la Kazi Duniani ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1980.

Hoja ya pili, kwamba huo ulikuwa uziwi wa uzee tu, ndiyo iliyokuwa nzito. Nilimwomba daktari aliyeletwa na mwajiri afuatishe kwa kidole mchoro wa vipimo vya usikivu wa mzee. Mstari ulishuka kama unaotumbukia shimoni kwenye hezi 4000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), kisha ukapanda tena kuelekea 8000. Nikamuuliza kama uzee huchora hivyo. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba uziwi wa uzee huendelea kushuka kadiri sauti inavyokuwa nyembamba, na kwamba shimo lile ni alama ya kelele, ingawa umri nao huenda ulichangia. Nilimheshimu sana kwa jibu hilo, kwa kuwa hakuna aliyemlipa alitoe.

Tuzo ilimpa mzee fidia ya ulemavu wa kudumu. Kipengele nilichokipigania zaidi, hata hivyo, kilikuwa kile kilichomtaka mwajiri agharimie vifaa vya kusaidia kusikia na kuvibadilisha kila vinapochakaa, kwa sababu fedha za mkupuo huisha, ilhali uziwi huo hauponi. Wakili wa mwajiri alikipinga hadi mwisho, na mwamuzi akakiacha kama kilivyoombwa.