Bibi Aliipa Nyika Mgongo

Juzi usiku binti yangu alibanwa na mafua. Nikachemsha majani ya mkaratusi, nikamfunika blanketi, nikamwambia avute pumzi taratibu. Mvuke ulipopanda tu, nikawa siko Tabata tena. Ile ni harufu ya Lushoto, kwetu kwenye milima ya Usambara: kona za Soni asubuhi, kuni mbichi, sweta la bibi.

Kutoka chini ya blanketi sauti ya puani ikauliza: "Mama, kwani huko kwetu kuna nini cha kuona?" Wenzake darasani wamerudi likizo, huyu katoka Ngorongoro, yule Zanzibar.

Sikumjibu. Mawazo yalikuwa yameshafika Mtae, kijiji cha ukingoni mwa milima ileile.

Mwaka 1996, nikiwa na miaka 10, kaka yake bibi alifariki, tukaenda kuzika. Basi lilipita Magamba katikati ya msitu na ukungu, likapakia magunia ya kabichi Lukozi, likapita Sunga, na njia nzima bibi ananisimulia Mbegha. Mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu na mbwa wake, akawa anawagawia watu nyama, akaua simba, watu wa Vugha wakamfanya mfalme wao. Ukoo wake, Wakilindi, ndio uliotawala milima yote ile hadi Wajerumani walipokuja wakaiita Lushoto yetu Wilhelmstal, bonde la mfalme wao. Jina hilo bibi alilitamka kama anatema kokwa.

Mazishi siyakumbuki sana. Nakumbuka kesho yake jioni.

Mtae imekaa kwenye mgongo mwembamba wa mlima, nyumba zimejipanga kama ndege juu ya waya. Bibi alinishika kiganja, akanipeleka mpaka ukingoni. Hapakuwa na kitu. Ukungu mweupe mtupu, unatoka chini na kutupuliza usoni, ubaridi wake unanata kwenye kope. Nilimsikia mbuzi analia chini ya miguu yangu, nikashangaa mbuzi anaishije hewani. Halafu upepo ukageuka. Ukungu ukapasuka kama khanga, na kwenye mpasuko ule nikaiona nchi nyingine kabisa: rangi ya vumbi na dhahabu, tambarare, iko chini zaidi ya mita 1,000, na vivuli vya mawingu vinatembea juu yake taratibu kama ng'ombe. Mbele kabisa milima ya Upare, ya buluu. Magoti yalilegea. Nilitaka kulia na sikujua kwa nini.

Pembeni yetu walikuwapo wageni wawili, Wazungu, na kijana wa pale aliyewaongoza. Mama yule wa Kizungu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Kijana akamwamkia bibi, akamwambia, "Bibi, wanasema hawajawahi kuona mahali pazuri kama hapa. Wanaomba wakupige picha."

Bibi aliwatazama, akaitazama nyika. Kwa Wasambaa wa umri wake dunia ilikuwa na pande mbili. Kuna Shambaai, kwenye ubaridi, migomba na miti ya dawa. Na kuna nyika, kwenye joto na homa, walikokuwa wakitokea Wamasai kuteka ng'ombe. Baba yake alishuka kukata mkonge enzi za Mwingereza, akarudishwa kwa machela, hakumaliza wiki. Hayo nilikuja kuambiwa ukubwani.

"Waambie nimekubali," akasema. "Lakini pazuri ni huku."

Akageuka, akaipa nyika mgongo. Akasimama wima ameelekea kijijini: migomba, matuta ya viazi yaliyoshikilia mteremko, moshi wa jioni unaopenya kwenye mapaa. Akakunjua khanga, akajifunga upya, akatulia. Picha ikapigwa.

Siku hizi sehemu kubwa ya ile nyika ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, tangu 2008, na watu wanapanda Mtae na Irente kwa ajili ya ukingo tu. Sina neno nao. Mimi mwenyewe nimerudi mara mbili na wenzangu wa kazini, na mara zote mbili nilikimbilia kulekule ukingoni, kwa sababu kile nilichokiona siku ile hakijanitoka. Ila nikisimama pale nasikia joto la bibi nyuma yangu, nami najiuliza kama ninamkosea.

Nilimfunua binti, nikamfuta jasho, nikamwambia Desemba tunaenda. Akauliza tutaangalia nini. Nikamsimulia ile picha. Kama bado ipo mahali fulani huko Ulaya, yumo bibi kizee aliyenyooka kama mtawala, anatazama nyumba za watu wake, na kando yake yupo mtoto mwenye sweta kubwa aliyegeukia upande wa pili, anaonekana kisogo tu.

"Na mlikuwa mmeshikana mikono?" akauliza.

Ndiyo. Hakuniachia.