Suzuki ya Mama na lile kapeti la kijivu

Mwaka 2018 mwezi wa pili nlichukua likizo ya wiki tatu kazini Mombasa nikapanda basi kurudi nyumbani Malindi, na siti mbili za Toyota Vitz nimezipakia kwenye buti ya basi, maana nlikuwa nimeapa mwaka huo lazima nitengeneze ndani ya Suzuki ya mamangu. Ni SJ410, zile ndogo za cc 970, gia nne, na kile kigia kidogo cha pembeni cha kuingizia magurudumu yote manne. Mama aliinunua mtumba mwaka 1991 akiwa nesi wa zahanati kule Magarini, na watu wa Marikebuni mpaka Marafa walikuwa wakisikia mlio wake kwa mbali wanajua nani anakuja. Wako watu wazima sahii wana watoto wao ambao mama zao walikimbizwa hospitali usiku ndani ya hiyo gari, wamelazwa nyuma kwenye godoro.

Alipostaafu akaanza biashara ya samaki. Alfajiri anateremka Mayungu, ananunua, anatia barafu kwenye karai na makreti ya plastiki, anazungushia wateja wake mjini. Na mgongo umeanza kumuuma, akishuka kwenye gari anasimama kwanza ameshika mlango ndio atembee. Mimi hiyo ilikuwa inanikera moyo. Siti ya dereva ilikuwa imezama, sponji imekuwa unga, ukikaa unahisi chuma. Kwa hivyo mpango wangu ulikuwa siti mpya, kapeti mpya, paneli za milango, redio na spika mbili, pa kuchajia simu, yaani akirudi aikute kama imetoka dukani. Yeye wakati huo alikuwa Lamu kwa dadangu aliyejifungua, na akishaenda kwa mzazi harudi kabla ya arubaini, kwa hivyo nlikuwa na nafasi.

Kazi tulifanya na Ami, mdogo wake marehemu baba, fundi wa bodi tangu sijazaliwa, gereji yake iko chini ya mkwaju kule Barani. Nikamwonyesha siti zangu, nikamwonyesha na kapeti nililonunua, jipya, jeusi, bado limekunjwa. Akalishika, akalirudisha chini, akasema tu, "Tutoe kwanza la zamani tuone."

Bolti za siti ziko nane. Saba zilitoka, ya nane ikakataa kabisa, tukaimwagia dizeli ikalala nayo mpaka asubuhi. Halafu tukaanza kulivuta lile kapeti la kijivu. Mama alilitia mwaka 1999, na alilipenda sana, alikuwa analipiga brashi kila Ijumaa. Kwa juu lilikuwa kavu. Lakini lilipoinuka lilikuja zito kama godoro lililonyeshewa, na chini yake kuna ile blanketi nene ya kuzuia sauti, imelowa chapachapa, ukiikamua inatoa maji meusi. Harufu ya samaki na tope. Ami akachukua bisibisi, akaigeuza, akaanza kugonga sakafu kwa mpini polepole, kuanzia miguuni pa dereva kwenda nyuma, ngo, ngo, ngo, na mimi nimechuchumaa nasikiliza, halafu alipofika nyuma ya siti ya abiria sauti ikabadilika, pwa. Akaigeuza bisibisi akasukuma kidogo tu, hata hakutia nguvu, ikapita mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa nikaona mchanga wa chini ya gari kupitia lile tundu.

Nlikaa chini kabisa. Manake pale ndipo makreti yalikuwa yanakaa kila siku, barafu inayeyuka, yale maji ya samaki yana chumvi, yanaingia kwenye kapeti, na kapeti haliyaachii. Na hewa ya hapa kwetu yenyewe si unaijua, kaskazi ikivuma, hata geti la nyumba ukilipaka rangi leo mwakani limeanza kumenyeka. Ami akanionyesha vile vizibo vya mpira kwenye sakafu, viduara vidogo kama kifuniko cha chupa, kazi yake ni ukiosha ndani unavitoa maji yanatoka chini. Vyote vilikuwa vimefunikwa na kapeti, miaka kumi na tisa hakuna aliyevigusa. Akaniambia, "Wajapani waliiunda hii ioshwe ndani kama ndoo. Sisi tukaitandikia kama sebule." Kapeti langu jeusi nikalipeleka nyumbani siku hiyohiyo, halijawahi kuingia kwenye gari yoyote.

Tulipomaliza kugonga tukapata sehemu tatu zilizooza. Kubwa ni hiyo ya nyuma ya abiria, kama ukubwa wa sinia, nyingine miguuni pa dereva, na ndogo karibu na mlango wa nyuma. Tangi la petroli liko nyuma chini ya sakafu kwa hivyo Ami alilitoa lote akaliweka mbali, na betri akaifungua kabla hajawasha chochote. Akakata kwa grainda mpaka afikie chuma kizima king'aacho, akasema ukichomelea bati jipya juu ya kutu umeifungia kutu ndani ya nyumba ikule ikiwa imetulia. Bati alitumia geji 18, na alichomelea kwa gesi, si kwa umeme, maana lile la zamani ni jembamba, moto wa umeme ukilikaa vibaya unalitoboa badala ya kulishika.

Siku ya pili ya kuchomelea ndio tuliharibikiwa. Kipande cha ile blanketi kilikuwa kimebaki juu kule nyuma ya dashibodi, sikukiona, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusafisha. Cheche ikaruka ikaingia humo. Kwanza ulitoka moshi mwembamba tu, halafu nikaona mwanga mwekundu ndani, nikapiga kelele, Ami akazima gesi, mimi nikachota mchanga kwa mikono yote miwili nikatupia, nikachota tena, nikatupia. Moto ulizimika lakini fungu la waya za taa na waipa lilikuwa limeyeyuka likashikana kama ugali. Ami hakunigombeza. Alikaa akavuta pumzi, akasema alhamdulillahi tangi liko kule, halafu akaniagiza maji ya kunywa. Fundi wa umeme alitumia siku mbili kurudisha waya mmoja mmoja, na hapo hapo akaniwekea fyuzi peke yake ya redio na chaja, kwa hivyo hilo nalo likaisha.

Kazi iliyonifundisha subira ni rangi. Mimi nlitaka tupake jioni ileile. Ami akakataa, akaosha sakafu yote kwa maji ya mfereji na sabuni, akaiacha ikauke juani, kesho yake asubuhi akanipa kitambaa cheupe chenye maji baridi nipanguse tena, nikamwambia Ami si tumeosha jana, akaniambia, "Onja kidole." Nikaonja. Chumvi. Usiku mmoja tu, gari iko wazi, kaskazi imeshaleta. Kwa hivyo kila mkono wa rangi tulipangusa kwanza kwa maji baridi, tukakausha, ndio tukapaka, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu mikono miwili, halafu ya juu mikono miwili. Mishono tuliziba kwa dawa ya mishono ya bodi. Nlikuwa na tyubu ya silikoni kutoka hadweya, akainusa, ikanuka kama siki, akaitupa, akasema yoyote yenye harufu ya siki inakula chuma kabla haijakauka.

Milango ilienda haraka. Zile paneli za hadibodi zilikuwa zimevimba kama mkate kwenye chai, na ndani yake ile nailoni ya kuzuia maji yanayopita kwenye kioo ilishachanika zamani, tukakata nailoni nyingine tukaibandika vizuri, na paneli tukaunda za plaiwudi tukazipiga vanishi pande zote mbili.

Siti za Vitz zikakaa. Ami alizitengenezea vyuma vya kushikia, na chini ya sakafu akaweka sahani ya chuma kila bolti ili ajali ikitokea siti isinyofoke na bati. Zilikuwa nzuri kwa kweli, za kitambaa, zina mahali pa kichwa, nikakaa nikaegemea nikajisikia nimemaliza deni.

Mama akarudi siku ya Alhamisi. Alizunguka gari mara mbili. Akainama akaona sakafu, akapitisha kiganja, akasema mashallah, akamwita Ami, "Shemeji, Mungu akulipe." Halafu akapanda. Akashika usukani. Akakanyaga klachi, nikaona anateleza mbele kwenye siti ili mguu ufike. Akajaribu tena. Siti ilikuwa imepanda juu kama inchi mbili na ina mabawa ubavuni, na buibui inamvuta kila akigeuka. Alikaa kimya muda mrefu akiangalia mbele kwenye boneti, kisha akasema kwa upole sana, "Babangu, umefanya kazi kubwa. Lakini hapa sijui gurudumu langu liko wapi."

Mimi sikuelewa. Akanieleza kwamba njia ya Marafa mvua ikinyesha inakuwa na mifereji miwili mirefu, na yeye miaka yote anajua gurudumu la kulia liko wapi kwa vile anavyokaa, pembe ya boneti inaangukia wapi machoni pake, na usiku hana kingine cha kumwongoza. Mara nyingine alikuwa na mjamzito nyuma anapiga kelele na yeye anaendesha kwa hicho tu. Nlisikia uchungu lakini si kwa ajili ya hela, ni kwa sababu nimekaa kwenye gari hiyo utoto wangu wote na sikuwahi kumuuliza anaionaje barabara.

Siti yake ya zamani ilikuwa bado kwenye boma la kuku la Ami. Tukaichukua ile fremu, tukaisugua msasa, tukaipaka, na Ami akanipeleka kwa mzee mmoja kule Shela aliyekuwa akishona matanga ya mashua, sasa anashona viti na magodoro. Nlikuwa nimeshika reksini nyeusi, ile ya mfano wa ngozi. Mzee akaniuliza, "Gari inalala kwenye kivuli?" Nikasema hapana. Akaniambia basi hiyo itamchoma, na jasho haina pa kwenda. Akatoa maradufu, kile kitambaa kizito cha pamba cha tanga, rangi ya mchanga. Akasema kimepigwa na jua na maji ya bahari vizazi na vizazi, kitashindwa na nesi?

Akataka Mama aje mwenyewe. Akamkalisha kwenye fremu juu ya sponji ngumu ya inchi nne, akamwambia ashike usukani wa hewa akanyage klachi ya hewa, Mama akafanya hivyo barazani mbele za watu bila kuona haya, na mzee akawa anapunguza sponji kwa kisu cha mkate, kipande chembamba, "kaa tena," kipande chembamba, "kaa tena," mpaka Mama akasema hapohapo. Kwenye kiuno akaongeza pedi ya upana wa kiganja, akaipapasa mgongo wake kwa heshima juu ya buibui, akiuliza, "Hapa, au chini kidogo?" Akashona kwa mkono ile mishono ya pembeni, uzi wa nailoni aliouvuta kwanza kwenye kipande cha nta, sindano ile nene ya tanga na ngozi ameivaa kiganjani. Nlikaa nikimwangalia mpaka adhana ya alasiri.

Siti za Vitz nikamuuzia jamaa wa tuktuk kwa hasara. Sakafuni hatukuweka kitu ila mpira wa mistari, umelala tu, haukugundishwa.

Masika ya mwaka huo ilikuwa kali, Kenya nzima mafuriko, mto Sabaki ukafura na bahari ya Malindi ikawa nyekundu mpaka mbali. Nlirudi nyumbani wikendi moja ya mwezi wa tano, nikamkuta Mama ametoka Marafa kumwona rafiki yake mgonjwa, gari imejaa tope jekundu ndani na nje. Alikuwa amefunga leso kiunoni. Ameshautoa mpira ameuanika kwenye ukuta, makreti yako chini. Akanipa paipu nimshikie, akapiga goti kwenye mlango, akaingiza kidole akang'oa kizibo cha kwanza, cha pili, cha tatu, akavipanga kwenye dashibodi visipotee, akasema, "Haya, fungulia." Maji yakaingia mbele, yakazunguka chini ya siti, na tope lote likaanza kutoka kwa chini, jekundu, halafu la kahawia, halafu maji matupu.