Ngome Niliyoikanyaga

Mimi nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, hatua chache kutoka Ngomeni. Kwangu ngome ni Fort Jesus: kuta nene za mawe ya matumbawe na mizinga inayotazama bahari. Basi Novemba 2016, mjomba aliponiambia tutapitia Newark, Uingereza, tukaone ngome ya vita vya mfalme na Bunge, nikavaa viatu vyangu vya ngozi, vya kupigia picha.

Tukafika kwenye bustani. Nyasi, miti, watu wanatembeza mbwa. Tukapanda kilima kidogo.

“Mjomba, ngome yenyewe iko wapi?”

“Umeikanyaga.”

Udongo mtupu! Nikasogea ukingoni nichungulie. Nyasi zilikuwa mbichi, soli laini. Niliserereka kwa makalio mpaka chini ya handaki. Nikajaribu kupanda mara mbili, mara mbili nikarudi nilikotoka. Mjomba huko juu anacheka mpaka anakohoa.

Pale kwenye tope ndipo nilipoielewa. Mbele yangu mteremko mkali kama paa la makuti, na kushoto na kulia pembe mbili zimechomoza. Ziko nne, ndiyo maana ukiitazama kutoka angani ni nyota. Mwenye bunduki akikaa pembeni hapo anakupata ubavu mzima, huna pa kujibanza. Na udongo, mjomba alinieleza huku akininyoshea mwavuli nishike, haupasuki kama jiwe. Tufe la mzinga linazama tu, na palipobomoka watu wanapajaza kwa koleo.

Wafuasi wa Mfalme Charles I waliiita Queen's Sconce, ngome ya malkia. Ya mfalme ilikuwa upande mwingine wa mji, siku hizi haipo. Newark ilizingirwa mara tatu na haikutekwa. Mei 1646 mfalme mwenyewe alijipeleka kwa Waskoti, waliokuwa upande wa Bunge, kisha akaamuru mji usalimu amri. Watu wake walikuwa wamevumilia miezi kadhaa, na tauni juu yake. Mimi ningekasirika.

Kwenye makumbusho ya mji, nikiacha nyayo za tope sakafuni, niliona sarafu walizojitengenezea wakati ule kwa kukatakata vyombo vya fedha. Si za mviringo. Zimekatwa mshazari, pembe nne.

“Mjomba, tazama, kashata!”

Mjomba alikuwa anatazama viatu vyangu.