Tela la povu limefika Kimbiji

Jamani, limefika! Tela langu la povu la kulala safarini, lile mlilolicheka nilipokuwa nalijenga mkaliita friji la samaki, jana limevuka Daraja la Kigamboni nyuma ya gari langu IST hadi Kimbiji. Usiku tukalala humo, mimi na mama watoto.

Chasisi imechomelewa Gerezani. Kuta ni povu gumu jeupe (polistirini, lile la kufungashia TV), unene sentimita 5. Mwanzoni niliunganisha kwa gundi ya viatu. Weee! Povu likayeyuka naliona, kama barafu ya ukwaju juani. Petroli, tina ya rangi, hata resini ya boti za faiba, zote hulila vilevile. Nikahamia gundi nyeupe ya mbao. Tela zima nikalivisha kitambaa cha pamba, marekani, kilicholowa gundi hiyo, kikakauka kikakaza kama ngoma, ndipo nikapiga rangi ya nje mikono mitatu. Fundi wangu hakuamini. Aliinua upande mmoja kwa mkono mmoja, huku anakula muhogo.

Kuvuta ndiko kulikonitoa jasho. Ndoo za maji na jiko nilipakia mwishoni mwa tela. Kufika spidi 60, tela likaanza kutikisa mkia na gari likayumba nalo. Nikaachia mafuta taratibu, breki sikukanyaga ghafla. Tuliposimama nikahamishia ndoo mbele ya ekseli, likatulia kabisa. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela iwe juu ya ndoano ya gari.

Kidirisha kimoja hakitoshi, lakini. Tumeamka tumeiva kama mikate. Jumamosi natoboa cha pili.