Jumamosi ya kumwaga oili

Daftari linasema kilometa 5,000 zimetimia tangu nilipomwaga oili mara ya mwisho. Kwa hiyo leo asubuhi, kabla jua la Tabata halijawa kali, nilitoa gari langu, Mazda RX-8, nikaenda nalo mpaka Buguruni na kurudi. Sikuwa na safari. Nilitaka oili ipate moto ili ishuke pamoja na uchafu wake. Tena gari hili huwezi kuliwasha likiwa baridi, ukalisogeza hatua mbili, ukazima. Petroli hujaa ndani, plagi zinalowa, na ukirudi baadaye halitaki kuwaka. Nyumbani wote wameshalijua hilo; hakuna anayeniomba nisogeze gari ili watandike mkeka.

Jeki, stendi mbili, matofali nyuma ya tairi. Mtoto wa dada yangu akalala pembeni yangu na tochi ya simu. Tukafungua bamba la plastiki la chini, nikalegeza nati ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, oili ikachuruzika nyeusi kwenye beseni.

"Mjomba, mbona inanuka kama sheli?"

Nikafurahi kwamba pua yake imeshika. Petroli kidogo hupenya kandokando ya rota na kuishia kwenye oili, ndiyo maana siiachi ikae muda mrefu. Akauliza rota ni nini. Nikamwambia afikirie sambusa ya chuma iliyovimba pande zote tatu, inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Ziko mbili, hakuna pistoni hata moja. Kwenye kila ncha ya sambusa kuna kipande chembamba cha chuma kinachosugua ukuta wa chumba muda wote, na kipande hicho hakiwezi kuishi bila oili. Kwa hiyo kuna pampu ndogo inayodondosha oili humo ndani, matone kwa matone, ikaungue pamoja na petroli. Injini hii imeumbwa kula oili.

Laiti ningeambiwa hivyo miaka minne iliyopita. Nilipolinunua, likiwa limetoka Japani kama magari mengi ya hapa mjini, nililitunza kama nilivyotunza Corolla: oili naiangalia siku ya sevisi, basi. Nikiwa njia ya Morogoro, karibu na Mlandizi, taa ya oili ikawaka. Niliendelea mpaka Chalinze. Hapo ndipo nilipoliua. Baada ya wiki chache likawa halikubali kuwaka likiwa la moto. Nasimama sheli, nazima, nasubiri saa nzima lipoe. Fundi mmoja akaniambia ringi zimekwisha, nitie oili nzito. Ringi za pistoni, kwenye injini isiyo na pistoni! Nikatia, kwa sababu na mimi sikujua. Injini ya pili niliagiza Japani, na fedha yake ilikuwa ya kiwanja. Mke wangu hakusema neno siku ile, na ukimya wake naukumbuka kila ninapovuta kile kijiti cha kupimia.

Oili ilipokuwa ikimalizikia kudondoka, nilimsimulia kijana habari za Hiroshima, mji wa Japani yaliko makao ya Mazda. Miaka ya 1960 Mazda walikabidhi injini hii kwa wahandisi 47 chini ya Kenichi Yamamoto. Wazo lilikuwa la Mjerumani, Felix Wankel, lakini vile vipande vya kwenye ncha vilikuwa vikikwaruza ukuta wa ndani mistari kwa mistari, na wenyewe wakaiita mikwaruzo hiyo kucha za shetani. Walihangaika mpaka wakapata vipande visivyokwaruza, na mwaka 1967 wakauza Cosmo Sport. Watu walihangaika kiasi hicho, halafu mimi nikashindwa kufungua boneti.

Filta ya oili ilikuwa imekaza. Niliipapasa kwa mkono mmoja, nikaizungusha nusu duara, oili ya moto ikanitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Kabla ya kufunga mpya, paka oili kidogo kwa kidole kwenye mpira wake, na hakikisha mpira wa zamani haujabaki umenata pale juu. Kijana ndiye aliyepaka, polepole, akazunguka mara mbili. Filta ya hewa ni kazi ya dakika tano: tulikung'uta boksi lake, tukaweka mpya.

Kisha lita tatu na nusu za oili ya 5W-30. Nyingine kiasi hubaki kwenye vipozeo vya oili kule mbele, haitoki kwa nati ya sampu, kwa hiyo ukimimina kwa kukisia utajaza kupita kiasi. Tuliwasha, tukaliacha likaunguruma mpaka sindano ya joto ikatulia, tukazima, tukangoja. Nikampa kijana kitambaa. Akavuta kijiti, akafuta, akarudisha, akavuta tena na kukishika juani. Oili mpya ni rangi ya asali na haionekani vizuri. Ilibidi akigeuze kidogo. "Imefika alama ya juu, mjomba." Nikamwambia aandike mwenyewe daftarini, tarehe na kilometa, na chini yake aache mistari mitupu, kwa kuwa kila nikijaza petroli mara ya pili napima oili, na kwa kawaida kabla ya kilometa 2,000 nimeshaongeza lita moja. Akapiga mistari kumi kwa rula.